Mwanasheria wa mazingira Zanzibar: aende Usalama wa Taifa au abaki kwenye kazi ya wazi?

Swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja na vijana waliomaliza sheria chuoni Tunguu, na safari hii nalijibu kwa maandishi. Mtu amesomea sheria za mazingira, akapata mlango wa kuingia Idara ya Usalama wa Taifa. Aingie? Au aende ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, jumuiya ya uhifadhi, au afungue afisi yake ya uwakili pale mjini? Wengi wanaponiuliza huwa wameshalinganisha mshahara na heshima ya mtaani. Mimi nalinganisha kitu kingine: ushauri wako wa kisheria utaishia wapi, na nani atakuwa na haki ya kukwambia umekosea.

Kazi yenyewe ni ipi

Watu wakisikia "mwanasheria wa mazingira kwenye chombo cha ujasusi" hudhani ni kitu cha sinema. Kwa kweli ni kazi mbili tofauti, na ukizichanganya utachagua vibaya.

Ya kwanza ni kukitetea chombo chenyewe mbele ya sheria za mazingira. Chombo cha ujasusi kina majengo, majenereta, matangi ya dizeli, taka za vifaa vya umeme, mitambo ya kuharibia nyaraka. Hayo yote yana sheria zake, na lazima awepo mtu wa kumwambia bosi kwamba tangi hili likivuja tutajibu. Marekani ndiko kazi hii ilikokomaa, kwa sababu huko mashirika ya serikali kuu, hata ya siri, yamebanwa na sheria nzito za mazingira tangu ile Sheria ya Sera ya Taifa ya Mazingira ya 1969, na taasisi zao za kijasusi zina afisi kamili za wanasheria wakuu.

Ya pili ni kuwashauri maofisa wanaokusanya taarifa juu ya uhalifu wa mazingira: meli za kigeni zinazovua bila leseni, pembe za ndovu, magogo, mafuta yanayomwagwa baharini. Kwetu hii ndiyo yenye uzito. Novemba 2013 lilikamatwa bandarini hapa Unguja kontena lenye pembe za ndovu zilizofichwa chini ya makombe ya baharini. Visiwani hatuna tembo hata mmoja, lakini tuna bandari, na bandari ndiyo iliyotuingiza katika kesi ya tembo. Mzigo wa namna ile haukamatwi kwa askari kupita tu gatini. Hukamatwa kwa sababu kuna mtu alikuwa na taarifa kabla.

Sijaona tangazo la kazi hapa kwetu lenye jina "mwanasheria wa mazingira, Usalama wa Taifa", na wewe usilisubiri. Ukiingia, utaingia kama mwanasheria tu, na mazingira yatakuwa moja ya mafaili mezani kwako. Huenda mwaka mzima yasije kabisa. Kama unaamka asubuhi ukifikiria mikoko, hilo peke yake lingetosha kukufanya usite.

Muungano unaamua nusu ya swali

Hapa ndipo kijana wa Zanzibar anapotofautiana na mwenzake wa Dar es Salaam, na naona wengi wanaliruka. Ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano, yamo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Mazingira hayamo. Ndiyo maana Bara wana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na sisi tuna yetu, Sheria Namba 3 ya 2015, ambayo ndiyo iliyoanzisha ZEMA. Misitu yetu ina sheria yake ya 1996, uvuvi wa karibu una sheria yake ya 2010, na kesi zake zinaanzia katika mahkama zetu.

Sasa tafsiri hilo kwenye meza ya kazi. Mchanga unaochimbwa usiku, mikoko inayokatwa kwa boriti na mkaa, hoteli iliyojenga ukuta hadi majini, taka zinazopelekwa Kibele, maji ya chumvi yanayoingia kwenye mabonde ya mpunga kule Pemba: haya ni mambo ya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwanasheria aliyekaa ndani ya chombo cha Muungano anaweza kuyasoma kwenye ripoti, anaweza kuyahuzunikia, lakini mkono wake hauyafikii. Akijaribu kuyafikia kwa njia ya usalama atayaharibu, kwa sababu mgogoro wa ardhi na ufukwe ukishaitwa suala la usalama, mwanakijiji anafunga mdomo, sheha anaogopa kutia saini, na taarifa yote iliyokuwa ikipatikana kwa kukaa na watu barazani inakauka.

Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1996 ilipotungwa iliweka wazi kwamba si kazi ya Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kushiriki maandamano au upinzani ulio halali. Ukienda huko, hicho ndicho kifungu ninachokuomba uwe nacho kichwani kuliko vyote. Wanawake wa mwani wanaokataa kuhamishwa pwani yao wanafanya jambo halali. Kama kuna siku mtu atataka jina lao liingie kwenye faili, mwanasheria wa ndani ndiye anayetakiwa kusema hapana, na aseme akijua hakuna gazeti litakaloandika kwamba alisema.

Bahari kuu ni habari nyengine. Ukanda wetu wa kiuchumi wa baharini, wa nchi nzima, ni takriban kilomita za mraba 223,000, na unasimamiwa kwa pamoja. Mamlaka ya uvuvi wa bahari kuu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1998, makao yake yako Fumba. Huko nje uvuvi wa kigeni, magendo na dawa za kulevya hukutana katika meli zile zile. Huko mtu wa usalama anayejua sheria ya mazingira ana kazi ya kweli. Mafuta na gesi nayo yana sura mbili: yamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, lakini tangu 2016 Zanzibar ina sheria yake ya utafutaji na uchimbaji. Anayetaka fani hiyo namshauri aanze upande wa wazi, kwenye mikataba na tathmini za athari kwa mazingira.

Taarifa na ushahidi

Kama ningeruhusiwa kukupa sababu moja tu ya kuchagua, ingekuwa hii. Chombo cha usalama kinazalisha taarifa. Mahkama inataka ushahidi. Baina ya viwili hivyo kesi nyingi za mazingira zinakufa.

Watu wazima wanaikumbuka Tawariq 1, meli iliyokamatwa mwaka 2009 kwenye bahari kuu yetu ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Wananchi waliwaita "samaki wa Magufuli", maana ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi. Ukamataji ulikuwa wa kishujaa, doria ya pamoja na wenzetu wa nje. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikawatia watu hatiani kwa faini za mabilioni. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu kwa kasoro za kisheria za mwenendo wa kesi. Samaki walikuwa wameshagawiwa taasisi mbalimbali miaka mitano nyuma. Kazi yote ya baharini ikaangushwa mezani.

Liweke kando ya shauri la Yang Fenglan, aliyepewa na magazeti jina la Malkia wa Pembe za Ndovu. Alikamatwa 2015 na kikosi maalumu kilichounganisha vyombo kadhaa, na Februari 2019 akahukumiwa miaka 15 kwa biashara ya vipande 860 vya pembe. Hapo taarifa za kijasusi zilivuka hadi mahkamani zikiwa hai. Hazivuki zenyewe. Inatakiwa awepo mwanasheria mapema, kabla ya ukamataji, anayeuliza: kielelezo hiki kitapokewa na nani, kitasainiwa wapi, shahidi gani atasimama bila kumfichua mtoa habari, na kibali cha mashtaka kitatoka lini.

Swali ni je, umahiri huo unajifunzia wapi? Mimi nasema nje, na tena katika kesi ndogo. Chukua kesi ya kawaida ya mikoko Pemba. Mtu amekutwa usiku na boriti pwani, zimefungwa mafungu, bado mbichi, magome yanatoa ule utomvu mwekundu unaoshika mikono. Askari wa misitu amezipakia kwenye gari, akazishusha uwani kwa afisi. Hazikuhesabiwa mbele ya sheha. Fomu ya ukamataji imejazwa kesho yake kwa kalamu nyengine. Miezi inapita, kesi inaitwa, boriti zimekauka, zimepauka, na nyengine zimeshafanyiwa chanja na mlinzi. Wakili wa mshtakiwa anasimama na swali moja: shahidi, utajuaje kama hizi ndizo? Anakaa. Kesi imekwisha.

Mwanasheria aliyepigwa swali lile mara moja hatasahau maisha yake kuandika idadi, alama na saini pale pale pwani. Aliyekaa ndani ya Kitengo, kama Usalama wa Taifa inavyoitwa mitaani, tangu siku ya kwanza hajawahi kulisikia. Atatoa ushauri mzuri wa karatasi, na mkuu wake atauamini, kwa sababu hakuna wakili wa upande wa pili chumbani.

Kuandika kisichosomwa

Tukubaliane kwamba usiri una sababu zake. Mtoa habari anayelala Wete hawezi kulindwa na faili la wazi. Lakini ujue unachoingia.

Kuna kesi ya Marekani ya 1981 ambayo kila anayeifikiria kazi hii aisome, inayojulikana kwa jina la Catholic Action of Hawaii. Jeshi la Majini lilikuwa likijenga maghala ya silaha West Loch, kisiwani Oahu, na wananchi wakataka tathmini ya athari kwa mazingira endapo zingewekwa silaha za nyuklia. Mahakama ya Juu ikasema jeshi haliwezi kulazimishwa hata kukiri wala kukana kuwa litaziweka, kwa hiyo hapana waraka wa kutangazwa. Lakini ikaongeza kwamba siri haiondoi wajibu: likikusudia kuziweka, tathmini inaweza kutakiwa iandaliwe kwa matumizi ya ndani tu. Fikiria wewe ndiye unayeiandika tathmini hiyo. Unapima upepo, maji ya chini ya ardhi, vijiji vya jirani. Unaandika kwa uaminifu wote. Wanakijiji uliowaandikia hawataiona, na hutakuwa na haki ya kuwaambia kwamba ipo.

Kesi ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1994 wafanyakazi wa zamani wa kambi ya siri ya Groom Lake, Nevada, pamoja na wajane, walishitaki kwamba taka za sumu zilikuwa zikichomwa kwenye mashimo ya wazi na moshi ukawadhuru. Serikali ikajibu kwa kinga ya siri za taifa. Mwaka 1995 Rais Clinton akaiondolea kambi hiyo wajibu wa kutoa hadharani taarifa za taka zake, na mwaka 1998 mahkama ya rufaa ikakubali kesi zifutwe. Upande wa serikali katika shauri lile walikuwemo wanasheria wanaoijua vizuri sheria ya taka za sumu. Nimewafikiria sana watu hao. Ukiingia upande huo, iko siku utaombwa utumie elimu yako ya mazingira kuufunga mdomo wa mtu aliyevuta moshi. Labda siku hiyo haitafika. Lakini lijibu swali hilo sasa, kabla hujala kiapo.

Lipo la kusema kwa upande wa pili. Mwaka 1995 huohuo Marekani ilitoa hadharani zaidi ya picha 860,000 zilizopigwa na setilaiti zake za kijasusi kati ya 1960 na 1972, na leo watafiti wanazitumia kuona misitu na fukwe zilivyokuwa kabla ya wengine wetu kuzaliwa. Kilichofanywa gizani kilikuja kuwafaa watu. Ila walisubiri zaidi ya miaka ishirini, na mikoko iliyokatwa haina subira hiyo.

Maisha ya kisiwani

Mshahara nitaupita haraka. Utumishi wa umma, wa siri au wa wazi, una uhakika wa mwisho wa mwezi, na uwakili binafsi una miezi mitatu ya ukavu kisha mteja mmoja anayelipa yote. Jumuiya za uhifadhi zinalipa kwa mradi, na mradi ukiisha umerudi nyumbani. Kila mtu anajua mfuko wake.

Kubwa kwetu ni udogo wa visiwa. Sheria inakataza kutangaza utambulisho wa maofisa wa Idara, lakini Zanzibar ni mahali ambapo mtu akibadilisha vespa, mtaa mzima unauliza. Utaishi ukiwaambia wazee wako, na huenda mwenza wako, nusu ya habari. Barazani wakianza siasa utanyamaza, na kunyamaza kwako kutasomwa. Kwa historia yetu ya uchaguzi na mitaa iliyogawika, hilo linagusa harusi na maziko. Wapo wanaolibeba vizuri kabisa, watu wenye utulivu wa kuzaliwa nao. Jipime kwa ukweli.

Upande wa wazi una machungu yake pia. ZEMA utasimamisha mradi, kesho yake simu zinapigwa. Kijiji ulichokitetea kitakulaumu ukishindwa, na muwekezaji atakutaja kwa jina. Niliwahi kuandika maoni makali juu ya tathmini ya mradi mmoja wa ufukweni, ramani yake ikiwa imeliruka eneo lote la kinamasi kama halipo, na kwa miezi kadhaa nilionekana mtu wa kuzuia maendeleo. Lakini maoni yale yapo, yana tarehe na saini yangu, na aliyekuja baada yangu aliyatoa kabatini akayatumia. Kwenye kazi ya siri kitu hicho hukipati, na mimi siwezi kukiacha.

Ningechagua nini

Kwa mtu wa chini ya miaka thelathini na tano, nachagua wazi, bila kusita. Aanze Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka kama anapata, maana huko atapigwa maswali kila wiki. Au ZEMA, akasome tathmini mpaka ajue kuitambua ramani inayodanganya. Baada ya hapo kuna njia ya katikati ambayo naiona inasahauliwa mno: mamlaka ya bahari kuu pale Fumba, au upande wa sheria wa KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. KMKM ni moja ya Idara Maalum zilizotajwa katika Katiba ya Zanzibar ya 1984, ni ya SMZ, na vijana wake wamezoea kukimbizana na magendo ya karafuu usiku baina ya Pemba na Mombasa. Boti ile ile inayofuata karafuu inaweza kufuata mabomu ya kuvulia. Wanachohitaji ni mtu wa kuwaambia nini kiandikwe kabla kamba haijafungwa. Pale unakuwa karibu na taarifa, na bado unafika mahkamani kwa jina lako.

Kitengo namshauri mtu wa aina moja tu: aliyekwisha kushinda na kushindwa mbele ya hakimu, anayeipenda bahari kuu kuliko nchi kavu, na asiyehitaji kujulikana. Mtu huyo akikaa ndani, kesi kama ya Tawariq haifiki Mahakama ya Rufani ikiwa na tundu. Nchi inamhitaji, nami nasema hivyo kwa moyo wote.

Ukiitwa kwenye usaili wa upande wowote, uliza mambo yafuatayo, na uangalie wanavyojibu kuliko wanachojibu. Ushauri wangu ukikataliwa, kukataliwa huko kutaandikwa kwenye faili? Nitakutana na waendesha mashtaka kabla ya ukamataji, au baada? Nikiombwa kutoa maoni juu ya kundi la wananchi waliozuia mradi, nina haki ya kukataa kwa maandishi? Na nikitoka baada ya miaka kumi, nitaruhusiwa kusema nilifanya kazi gani nitakapoomba kuingia kwenye orodha ya mawakili? Hili la mwisho vijana hawaliulizi, na wanaotoka wakiwa na miaka arobaini na wasifu wenye pengo la miaka kumi ndio wanaokuja kuniambia walipaswa kuliuliza.